Mikate Iliyohesabiwa Ijumaa

Mheshimiwa Mkuu wa Chuo, Mheshimiwa mwakilishi wa Ofisi ya Wakfu, wenye jengo langu, waheshimiwa majaji watano, wahadhiri, wazazi mliopendeza, na ninyi vijana wa makundi kumi na moja mlioshindania tanuri langu: asalaam alaykum.

Mimi naitwa Thami. Kwa miaka thelathini na minne nimewaokea watu wa mtaa mmoja hapa Fez mikate wanayoikanda majumbani kwao na kuniletea juu ya mbao, na kwa kuwa kifua changu kimechoshwa na moshi, leo nastaafu. Wakfu ukaona vyema jengo lipewe mwanafunzi atakayeandika mpango bora wa biashara. Nami nimepewa dakika tano nikabidhi ufunguo, na kijana wa itifaki akaniomba niseme maneno mazuri kuhusu urithi. Maneno mazuri ninayo. Yakiwachoma kidogo mnivumilie, nimezoea kufanya kazi karibu na moto.

Kwanza, pongezi. Sikujua kwamba chumba kile chenye masizi kinaweza kuwa vitu vyote hivyo. Kundi moja lilitaka kukifanya duka la manukato. Lingine, mahali pa watalii kujipaka unga usoni na kupigwa picha. La tatu lilibuni programu ya simu ya kubandika alama kwenye kila mkate, ili usipotee. Nikajiuliza, uliopotea ni upi? Katika miaka yote hiyo mkate uliokwenda nyumba isiyo yake ni mmoja tu, siku aliyozaliwa binti yangu, na mwenye mkate alinisamehe.

Lakini sifa kubwa ziende kwa kundi la Anass, washindi wetu, na Mkahawa wao wa Kumbukumbu. Moto utazimwa. Ndani ya tanuri itawashwa taa nyekundu, na wateja watakunywa kahawa wakiitazama taa hiyo na kuukumbuka moto. Nani kati yetu angewaza hilo? Mimi nisingewaza hata nikishikwa na homa.

Tena hawakubuni hewani, walifanya utafiti. Kwenye ukurasa wa nne wameandika kwamba katika saa tatu tanuri lilipata wateja wanne, kwa hiyo biashara ya mkate imekufa. Majaji waliposikia takwimu hiyo walitikisa vichwa kwa huzuni, na mmoja, nilimwona, alipangusa miwani.

Siku hiyo naikumbuka. Nilikuwa nimekaa kwenye ngazi na glasi yangu ya chai, sina la kufanya, Anass akaja na daftari.

"Ami Thami, mbona pamepoa hivi? Watu wako wapi?"

"Leo Ijumaa, mwanangu," nikamwambia.

Akanishukuru, akaandika tarehe.

Waheshimiwa, kijana huyu amezaliwa Fez. Hapa kuna nyumba gani isiyopika kuskusi siku ya Ijumaa? Nani anakanda mkate siku ambayo sinia limejaa kuskusi? Alipomaliza kuwahesabu wateja wangu wanne alitazama saa, akaondoka mbio, akisema mama yake anamsubiri kwa chakula. Alikwenda kula sababu ya tanuri kuwa tupu, akashiba, akarudi kuandika kwamba tanuri limekufa. Na majaji watano, ambao nao Ijumaa ile walikula kwao, wakampa alama tisini na sita.

Yupo mwanafunzi mmoja, kundi lake ni yeye peke yake, aliyekuja Jumatatu. Anaitwa Ghizlane. Alikuja kabla ya jua, akarudi kila siku kwa wiki tatu. Siku ya kwanza aliniunguzia mbao mbili nzima za mikate, na Bi Batoul wa kona akashika mmoja akauliza, "Binti, hiki ni mkate au kigae?" Akaomba radhi, na kesho yake akarudi. Siku moja aliniuliza ninajuaje mkate huu ni wa nani wakati yote ni ya duara. Nikamfundisha: huyu hufinya ukingo, yule huzidisha mtama, mwingine mkono wake wa kushoto ni mzito na mkate huelemea. Sasa anawajua watu wa mtaa mzima kwa vidole vyao.

Mpango wake ulikuwa ukurasa mmoja. Tanuri liendelee kuoka, na mbao za vikongwe wasioweza kushuka ngazi zifuatwe milangoni kwao. Jaji mmoja akamuuliza jipya liko wapi. Amekuwa wa kumi na moja kati ya kumi na moja. Niliumia, sitaficha.

Anass, mwanangu, njoo uchukue ufunguo. Ni wako, majaji wameamua, na mimi sipingani na karatasi zao. Lakini leo ni Jumanne. Nilipotoka kuja hapa niliacha mbao sitini na mbili mlangoni, unga umeshaumuka, nao haujui kwamba umekufa. Ghizlane hakuja ukumbini. Yuko kule mbele ya moto, anaoka. Ubao wa tatu kutoka ukutani, uliofunikwa kitambaa cha bluu, una mikate mitatu iliyotobolewa kwa uma mara tano tano. Huo ni wa mama yako, na ameuleta kila siku tangu hujaota meno, isipokuwa Ijumaa.

Basi nenda ukamwambie Ghizlane azime moto. Kisha ujitwike ubao ule, mikate ikiwa mibichi, umpelekee mama, umsomee ukurasa wa nne.

Ufunguo huu hapa, nimenyoosha mkono. Nanyi nyote nawashukuru kwa kunipa masikio yenu.