Cirhuza Ameokoka Namna Gani?

Pale soko la Nyawera, mjini Bukavu, nyuma ya wauza ndizi, palikuwa na benchi la Maman Rosalie muuza kahawa. Vita vya pili vya Kongo vilikuwa vimefunga barabara ya Mwenga na kupandisha bei ya kila kitu, ila maneno ya benchi lile yalibaki bure. Gérard aliitwa Avoka, yaani wakili, kwa kuwa aliwahi kupiga mashine ya kuandika mahakamani na sheria zikamwambukiza. Glody aliitwa Radio, kwani habari zilimfikia kabla hazijatokea. Cirhuza, mchimba dhahabu aliyekimbia Mwenga, aliitwa Mulokole, yaani aliyempokea Yesu, na jina hilo ndilo lililomkosesha usingizi. Jumapili alitakiwa kusimama kanisani kushuhudia siku aliyookoka. Asubuhi ile yakamfika shingoni, akawamwagia wenzake yote.

— Ndugu zangu, mimi sikuokoka kwa Yesu, alisema. Niliokoka kwa bunduki.

— Unasema nini? aliruka Avoka.

— Siku nilifika hapa, Maman Agathe wa kanisa alikuwa pa bariere ya njia, anagawa uji kwa wenye kukimbia vita. Akaniuliza, "Papa, umeokoka?" Nikamujibu, "Ndiyo maman, nimeokoka, ni mimi peke yangu." Akalia, akanikumbatia, akanipa chumba kwake. Nikasema moyoni, huyu mama analilia bafu yetu, bale balikufa kule. Kumbe anashangilia mulokole!

Maman Rosalie nusura ajimwagie kahawa mkononi.

— Na mwaka muzima ulinyamaza?

— Nilikuwa na njaa, maman. Mwanzoni nilisali juu ya chumba, nisifukuzwe. Nikaacha pombe ya kasiksi juu ya chumba, nikaacha matusi juu ya chumba. Sasa naamuka nasali hata Maman Agathe akiwa safari. Alors muniambie: niko mutakatifu, ao niko muongo?

Avoka alikohoa, kama desturi yake kabla ya kuhukumu.

— Kesi iko mwepesi. Ukilima shamba miaka, na hakuna mwenye anakufukuza, inakuwa yako. Wewe umelima utakatifu mwaka muzima. Shetani alikuwa na muda ya kupinga, hakupinga. Amepoteza!

— Utakatifu haiko parsele ya shamba, wewe! alidakia Radio. Sikia mimi. Bukavu yote iko batakatifu sasa, juu ya kukosa. Nyama hakuna, bière hakuna, usiku hatutoke. Nyama yetu, bale ya bunduki njo banakula. Donc na zambi yetu ya kula na kulewa iko kwao.

— Mbona juzi ulikuwa unayumba? aliuliza Rosalie.

— Ile ilikuwa njaa.

— Wazee walisema, mvumilivu hula mbivu, alisema Avoka kwa heshima zote.

— Na ndizi mbivu njo inatoka kasiksi! Radio alijipiga kofi gotini. Unaona? Uvumilivu ikiiva, mutu analewa!

Walicheka mpaka wauza ndizi wakageuka. Radio, akiona uwanja ni wake, akazidi kupanda.

— Ngoja, iko ingine. Siku ile pa bariere malaika alikuwa anapita. Akasikia "nimeokoka", akapeleka juu vile vile, na kule banapiga vigelegele tangu mwaka jana. Jumapili wewe unasimama unasema ilikuwa makosa. Malaika ataficha sura wapi? Papa Cirhuza, utafukuzisha malaika kazi!

Cirhuza naye alicheka, lakini moyo ulimuuma. Chumba angekipata kwingine. Alichoogopa ni kwamba akilirudisha lile neno, yule Cirhuza wa zamani, wa kisu na matusi, angerudi nalo. Na yule mtu hakumpenda hata kidogo.

Mwishoni mwa benchi alikuwa ameketi mama mmoja mgeni, Delphine, aliyeingia mjini asubuhi ile kwa miguu kutoka upande wa Mwenga. Mzigo wake ulikuwa chini, kikombe kati ya viganja. Alikuwa amesikiliza yote.

— Munisamehe, papa, alisema. Siku ile kule, nani alikuokoa?

Mwaka mzima kanisa na benchi walikuwa wamemuuliza Cirhuza kama ameokoka. Hakuna aliyemuuliza nani.

— Camille, Cirhuza alijibu. Tulikuwa tunachimba pamoja. Alinisukuma ndani ya shimo, akafunika shimo na mbao, akaikalia. Bale batu bakafika. Akabaambia, "Hapa hakuna mutu, ni mimi tu." Nikasikia banamupeleka.

— Alikuwa mulokole? Radio aliuliza, sauti chini.

— Alikuwa amelewa.

Sheria ya Avoka haikuwa na nafasi ya Camille, wala malaika wa Radio. Maman Rosalie aliinamisha thermos, yakatoka matone, kisha hewa. Kahawa ilikuwa imekwisha.

— Bwana yangu alibaki kule, alisema Delphine. Yeye pia analewaka.

Alilisema neno hilo polepole, kama anayemsifu, na kwa mara ya kwanza uso wake ukapata nuru kidogo.

Cirhuza akainuka, akajitwika mzigo wa yule mama.

— Kuja, maman, twende kwa Maman Agathe, utapata pa kulala. Atakuuliza kama umeokoka.

— Nimujibu nini?

— Usijibu kwanza. Mimi njo nitatangulia kujibu, nimuambie juu ya Camille.