Mbwa wa Mama Odette na fundi wa radieta

Haya wajukuu, niambieni: askari wangu analinda geti la watu, lakini geti lake mwenyewe limemshinda. Ni nani? Mumeshindwa. Ni mbwa mwenye ugonjwa wa mkojo, na jana nilimuona kwenye mustari wa kungojea bisi, mtaani Kinanira.

Mama Odette alimpakata kama mutoto mchanga, akimpeleka kwa daktari wa wanyama. Mkononi alikuwa na chupa ya mkojo, ameifunika na kitambaa cha kanisani. Nyuma yake alisimama muzee Twahiru, fundi wa magari, kanzu nyeupe, akirudi hatua moja kila mbwa alipopumua.

"Usiogope, papa. Haumi, ni mukristo."

"Mama, siogopi meno. Naogopa mate, nimeshatia udhu." Kitambaa kikateleza, akaitazama chupa. "Rangi hii naijua. Radieta ya gari ikipungukiwa maji inatoa rangi hivi. Anakunywa maji ngapi?"

"Nimemuombea siku tisa, papa! Watoto wangu wote wako Canada. Huyu akikufa, nitasemesha nani mu nyumba?"

"Pole, mama. Lakini maji?"

"Nimemununulia hata blanketi."

"Mama, blanketi hainywewi!"

Bisi ikafika. Nilikuwa nimeingoja saa mbili nzima, na miguu ikakataa kupanda kabla sijasikia jibu.

Mama Odette akamfunika mbwa masikio. "Kijiko kimoja, asubuhi," akasema polepole. "Bakuli niliificha mi mwenyewe, asikojolee zulia yangu ya salon."