Libère Munyaneza, Aliyempangia Kila Mkubwa Mahali pa Kukaa

Mzee Libère Munyaneza anastaafu leo, Alhamisi tarehe 30 Aprili 1992, baada ya miaka ishirini na sita na miezi minne ya kuendesha na kutengeneza boti za idara yetu ya vipimo vya maji. Hotuba ya Kifaransa ataisoma Bwana Kalisa, shefu wetu, yaani mkubwa wetu wa kazi. Ukurasa huu wa Kiswahili tumepewa sisi wa karakana, na karakana ikamchagua mwandishi wake bora, yaani mimi, Sibomana wa Biryogo, niliyeacha shule darasa la sita kwa sababu walimu walikuwa wananichelewesha. Anayeupiga kwa mashine ya kuandika ni Mama Mukashema. Makosa ya herufi ni yake. Maneno matamu ni yangu.

Mkiona maneno yangu yanakimbia, nisameheni, nina hofu. Nasema sababu mapema ili msidhani ni njaa. Tukimaliza soda tutashuka mtoni, pale darajani Nyabarongo, na Mzee atapanda boti namba mbili akiwa abiria kwa mara ya kwanza maishani mwake. Mashine ya boti nitashika mimi. Mzee ameshasema hatafungua mdomo. Nikipanga watu vizuri, atanikabidhi pini yake ya mashine. Nikikosea, atashuka nayo mfukoni, na Jumatatu boti itabaki nchi kavu mpaka atafutwe mtu mwingine. Na mto umejaa. Jana ubao wa vipimo ulisoma mita nne na zaidi, na magogo yalikuwa yanapita katikati yakiwa na haraka zao. Na katika abiria wa leo yumo Bwana Kalisa.

Haya, twende kwa mpangilio, kama watu waliosoma.

Mzee alizaliwa mwaka 1937 karibu na ziwa Muhazi. Mashine alijifunzia Bujumbura, kwenye boti za mizigo za ziwa Tanganyika, na huko ndiko alikookota Kiswahili chake, ambacho mpaka leo anakitumia kwa mashine na kwa watu anaowapenda. Kinyarwanda ni cha nyumbani. Kifaransa ni cha ofisi, na ofisi haijawahi kumwelewa. Aliajiriwa hapa Januari 1966. Tangu hapo amezeesha mashine nne, na ya tano, ile ya nguvu za farasi ishirini na tano, bado inawaka akivuta kamba mara moja. Kwangu huwaka nikivuta mara tatu, lakini mimi ninaivuta kwa mtindo.

Sasa ninyi wa Kacyiru mnaokaa na makaratasi, niwafundishe kidogo. Boti yetu ni ya bati la aluminiamu, mita nne na nusu, inabeba watu watano. Mashine imening'inizwa nyuma. Nyuma hapohapo pana tanki la mafuta, na nyuma hapohapo anakaa mwendeshaji. Yaani kabla hajapanda mtu, nyuma pameshakuwa pazito. Halafu anakuja mgeni mkubwa. Anafanya nini? Anakwenda kukaa nyuma! Huu ni ugonjwa wa mji wetu. Kwenye gari mkubwa hukaa nyuma, na mbele ni pa dereva na yule anayebeba mkoba. Ametoka Kiyovu, mtaa wa wakubwa, amekaa nyuma, amefika mtoni, anaona boti nayo ni gari. Basi nyuma inazama, pua inatazama mawingu, na mwendeshaji haoni mto, anaona bati.

Kwa hiyo Mzee ana mizani. Ni ile mizani ya kahawa iliyo mlangoni pa karakana, iliyotupwa na watu wa ghala mwaka sabini na moja. Kila anayepanda boti hupimwa kwanza, pamoja na viatu, mkoba, na daftari. Hakuna aliyesamehewa. Kuna padri aliyepimwa. Kuna mhandisi mgeni aliyekataa kupimwa, akarudi mjini bila kuuona mto. Mzee huandika kilo kwa chaki kwenye kiganja chake, anatazama boti, anatazama kiganja, halafu anawapanga watu kama mama anavyopanga sahani kabatini. Mwenye kilo nyingi mbele, wepesi katikati, mmoja kulia, mwingine kushoto. Kwenye benchi amefunga kichupa cha dawa ya kikohozi, kimelazwa, ndani yake maji yasiyojaa. Povu la hewa likikaa katikati, tunaondoka. Povu likikimbilia upande, mtu anahama.

Akiwa peke yake botini hujaza madumu mawili maji ya mto na kuyaweka mbele, ili pua isinyanyuke. Tangu vita ilipoanza Oktoba ya mwaka wa tisini, daraja lina askari, na kila kitu kinafunguliwa. Siku moja tulipomsindikiza kushuka mtoni, askari alifungua dumu akitegemea petroli, akanusa, akaonja, akatema.

“Wewe mzee, unabeba maji kuyapeleka mtoni?”

“Ndiyo, afande. Haya yamezoea kusafiri.”

Sisi wengine tulikuwa tumekauka kwa hofu. Siku hizi mtu hacheki darajani. Yule askari alitutazama mmoja mmoja, muda mrefu kuliko nilivyopenda, halafu mwenyewe akacheka, akatupungia tupite. Tangu siku hiyo akimwona Mzee humuuliza maji yanaendeleaje.

Kuhusu pini. Ni kipande cha chuma cha urefu wa kidole, kinapita kwenye matundu matano pale mashine inaposhikana na boti. Tundu la ndani kabisa linavuta mashine karibu na boti, na pua inashuka. Tundu la nje linaisukuma mbali, na pua inapanda. Mzee hutumia la pili kutoka ndani siku nyingi, la tatu mto ukiwa mtulivu. Aliniambia siku yangu ya kwanza: “Sha, kijana wangu, kwanza watu, pini baadaye.” Nilimjibu nimeelewa. Mimi huwa naelewa upesi sana, ndiyo maana huwa sielewi.

Bwana Kalisa alifika kwetu mwaka 1988. Siku yake ya kwanza mtoni alikwenda moja kwa moja nyuma, akakunja suruali, akakaa. Mzee akamwambia kwa adabu kwamba mbele ndiko mto unakoonekana vizuri.

“Mbele si mahali pangu, Libère.”

“Ndiyo, Bwana shefu.”

Mzee akashika kamba ya mashine. Hakuvuta. Alisimama hivyo hivyo, kamba mkononi, anatazama ng'ambo. Jean-Bosco, karani wetu wa vipimo, alihesabu kwa saa yake dakika kumi na saba. Mimi sikuwapo, bado nilikuwa nauza betri Nyamirambo, lakini Jean-Bosco akisimulia bado anapangusa jasho.

“Libère, tunasubiri nini?”

“Tunasubiri boti, shefu. Bado haijawa tayari.”

Shefu aliangalia kile kichupa, akamwangalia Mzee, akainuka, akaenda mbele. Haikusemwa tena. Miaka minne sasa, Mzee akiwepo, Bwana Kalisa huenda mbele bila kuambiwa. Mzee akiwepo.

Na sasa lazima niseme ya Novemba mwaka jana. Mama Mukashema ameacha kupiga herufi. Ananiambia, “Sibomana, hiyo mimi siandiki.” Namwambia, “Mama, andika, ni wasifu wa Mzee, si wangu.” Ameandika. Mnaisoma.

Mzee alikuwa kitandani na malaria. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu na vipimo vilikuwa vinatakiwa. Nilisema naweza. Nilisema zaidi: kwamba naweza kuliko Mzee, kwamba Mzee anachelewa na mizani yake. Bwana Kalisa alikuja na mgeni wake, wote wawili wakakaa nyuma, karibu na mimi, bega kwa bega. Mbele alikaa Jean-Bosco peke yake, ambaye ukimpima na viatu hafiki kilo hamsini. Mizani sikuifungua. Kichupa nilikiona, povu lote limekimbilia mbele, yaani pua iko juu. Nikafungua mdomo nimwambie shefu ahame. Mdomo ukasema, “Mko vizuri, shefu?” Akasema wako vizuri.

Basi nikafanya ujanja. Nikachomoa pini kutoka tundu la pili, nikaiingiza la ndani kabisa. Tukaondoka. Jamani, boti ilienda! Ililala sawa juu ya maji, pua chini, mashine inaimba. Mgeni akasema, “Kijana anajua.” Nikajiona nimemstaafisha Mzee siku hiyohiyo.

Nilichosahau ni kwamba pini inashusha pua mashine ikivuta tu. Tulipofika kwenye ubao wa vipimo nikapunguza mwendo. Pua ikaruka juu, kilo zote bado ziko nyuma palepale, na wimbi letu wenyewe, lile tulilokuwa tunaliburuta, likatufikia na kupanda juu ya ukingo wa nyuma wa boti. Maji yaliingia mpaka magotini. Jean-Bosco alikuwa anapiga kelele, “Njooni mbele! Njooni mbele!” Mashine ikazimika. Boti ikageuka ubavu, mto ukaanza kutupeleka. Hakuna hata mmoja wetu anayejua kuogelea. Niliona kiatu cha shefu kinaelea kuelekea Burundi, na nikafikiri, tutakifuata.

Tuliokolewa na mafunjo ya ukingoni, tukayashika kwa mikono, tukachota maji kwa kofia. Daftari la vipimo vya mwaka mzima lililowa. Watu tulipona wote wanne.

Kesho yake nikaenda kwa Mzee. Alikuwa bado anatetemeka chini ya blanketi. Hakuuliza ya mashine. Aliuliza, “Nani alikaa wapi?” Nikamwambia.

“Kwa hiyo ulimwogopa shefu kuliko maji.”

“Ndiyo, Mzee.”

“Maji hayajui kama yeye ni shefu.”

Ripoti ilipoandikwa, ilisema mashine ilikuwa na hitilafu. Niliulizwa kama ni kweli. Mdomo wangu ukasema “Ndiyo, shefu,” maana huo ndio wimbo wake. Na kwa kuwa mashine hutengenezwa na Mzee, barua ya onyo ikaandikwa kwa jina lake. Miaka ishirini na sita, na hiyo ndiyo barua ya onyo pekee iliyo kwenye faili lake. Hakuijibu. Hakunitaja. Aliikunja, akapona malaria, akarudi kazini, akanifundisha upya tangu mizani.

Kwa hiyo naandika hapa, kwenye karatasi ya ofisi, nakala sitini: mashine haikuwa na hitilafu. Pini niliichomoa mimi. Watu sikuwapanga mimi. Ile barua ina jina lisilo lake, naomba iandikiwe jina langu, Sibomana, herufi zote mnazijua. Mnifukuze kama mnataka, lakini subirini jioni, kwanza nina boti ya kupanga.

Nimekaa wiki nzima nikifanya mazoezi. Nimempanga dada yangu Mutoni na wanawe kwenye benchi nyumbani mpaka wananikimbia. Nimejisemesha mbele ya kioo: “Bwana shefu, tafadhali mbele.” Kwenye kioo nasema vizuri sana, sauti nzito, utadhani mimi ndiye mkurugenzi. Nikikutana naye koridoni nasema “Shikamoo, shefu” na ninaenda zangu. Najijua. Leo nikifika mtoni, yeye akikaa nyuma na kukunja suruali, mdomo wangu utaimba ule wimbo wake wa zamani, na Mzee atashuka na pini yake. Ndiyo maana nimeuwahi mdomo. Namwambia hapa, kwa maandishi, mbele ya watu wote, kabla sijapata nafasi ya kuogopa.

Safari ya leo tutakaa hivi. Tanki la mafuta nimeshalitoa nyuma, liko katikati. Mama Mukashema katikati kushoto. Mzee Libère katikati kulia. Jean-Bosco nyuma yao, miguu juu ya kreti ya Fanta, na kreti isisogezwe hata kwa kiu. Mimi kwenye mashine, kilo hamsini na nane, sura nzuri haina uzito. Pini tundu la pili. Mbele, Bwana Kalisa, kilo — hapa Mama Mukashema amekataa kabisa kupiga tarakimu, anasema yeye bado ana watoto wa kusomesha. Sawa. Mizani iko mlangoni, imefunguliwa tangu asubuhi.

Mzee, karakana inakushukuru. Umetufundisha kuvuta kamba, kusafisha plagi, na kunyamaza mtu anaposubiriwa. Mwaka huu umewajaza watu wengi wasiwasi, kila mtu na wake, lakini waliopanda boti yako walirudi nyumbani kwa miguu yao. Ukifika Muhazi, lima, vua samaki, pumzika, na Mungu akupe miaka mingi ambayo povu limekaa katikati. Tukija kukutembelea tupime, tutakaa utakapotuambia.

Bwana Kalisa, mbele, tafadhali. Kamba ninayo mkononi, na ninasubiri.

Sibomana, karakana ya boti