Wasifu wa Bi Jalada, Mchawi wa Kurasa Arobaini na Moja

Kwanza liwekwe wazi jambo moja, ili asiyemjua asiondoke hapa na la kusimulia: marehemu hakuwa mchawi. Alimcheza mchawi, mezani, kwa karatasi na dadu, kwa miaka kumi na minane, na aliagiza kwa kinywa chake lisomwe siku ya kumzika. "Mkiliruka," alisema, "mtakuwa mnazika mtu mwingine."

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1959, mtoto wa tatu kati ya watano wa mpiga chapa na mkunga. Alisoma shule ya msingi kuanzia 1966 hadi 1972, kisha sekondari hadi 1976. Alikuwa na kichwa chepesi na alitaka kuendelea, lakini mwaka huo mama yao alianguka kitandani, na wa kumwuguza akawa yeye. Hakulilalamikia. Wala hakulisahau.

Mei 1979 aliajiriwa masjala ya mahakama, chumba cha dirisha moja na rafu zilizogusa dari, akakaa humo miaka thelathini na mitano. Hakimu akiulizia kesi ya zamani, wenzake walikimbilia daftari la orodha. Yeye alikwenda rafuni na kurudi na faili mkononi. Ndipo alipopata jina la Bi Jalada. Alipenda mambo yenye mikunjo. Kilicho rahisi alikishuku.

Mwaka 1985 aliolewa na fundi umeme, mtu wa mizaha, wakajaliwa mwana mmoja. Tarehe 9 Septemba 2003 mume alianguka kutoka juu ya nguzo akiwa kazini, na nyumba ikanyamaza. Miaka mitatu baadaye mwana alirudi kutoka chuoni na mchezo: mmoja anasimulia safari, wengine kila mmoja anabeba mhusika wake, na penye mashaka dadu huamua. Kulikuwa na mpiga upanga, mwizi na mchawi. Marehemu aliuliza yupi ana makaratasi mengi. Akachukua mchawi.

Mchawi huyo alikua hadi kurasa arobaini na moja za mwandiko wake wa masjala: maneno ya kuzima moto, maneno ya kusemesha mawe, kila moja na masharti yake. Wifi yake alikuja kumsaidia usafi akaokota ukurasa wenye kichwa "Namna ya Kumgeuza Adui Kuwa Chura", akatoka mbio bila viatu. Ilichukua wiki mbili kumrudisha, na hadi leo kikombe chake cha chai humo ndani hukitia macho kwanza.

Mwaka 2017 figo zake zilishindwa. Tangu hapo Jumatatu, Jumatano na Ijumaa alikaa saa nne kwenye mashine ya kusafisha damu, kiti namba tatu. Mwana alikuwa amehamia mbali kikazi, hivyo mchezo aliuhamishia wodini. Muuguzi aligoma siku mbili, akisema hapo si kijiweni, kisha akaona wagonjwa wanaocheza hawasumbui, akawaletea sinia ya kurushia dadu. Walikuwa watatu: marehemu, kinyozi wa kiti namba mbili, na mama mmoja, fundi cherehani, wa kiti namba nne. Kusimulia walipokezana.

Hapa familia inasoma alivyoagiza. Fundi cherehani aliomba awe mchawi. Kisukari kilikuwa kimemla macho, hakuweza kusoma hata ukurasa mmoja.

"Uchawi bila kusoma ni bahati nasibu," marehemu alimjibu. "Chukua mpiga upanga. Kazi yake ni kupiga tu."

Yule mama alipiga kwa miezi sita. Siku moja akaweka dadu chini. "Bi Jalada, maisha yangu yote nimewashonea suti watu wenye akili. Hata humu nako niwe wa kupiga tu?"

Marehemu alirudi nyumbani hakula. Wiki iliyofuata alikuja na kadi moja yenye herufi kubwa kama za kalenda ya ukutani, na maneno matatu: WASHA. FUNGA. BEBA. Hakuiamini kadi hiyo. Aliitoa kwa haya. Siku hiyohiyo fundi cherehani alifunga mlango, akafunga jeraha la kinyozi, na jeshi lilipokuja akamfunga jemadari wake kinywa asiweze kutoa amri.

"Hiyo si haki!" kinyozi alifoka. "Neno moja linafanyaje yote hayo?"

Marehemu, aliyekuwa msimuliaji siku hiyo, aliichukua kadi akaisoma upya. "Haijasema afunge nini," akahukumu.

Alikiri baadaye kwamba yeye, na kurasa zake zote, alikuwa akitafuta jibu lililokwisha kuandikwa, ilhali mwenzake alilitoa kichwani. Kinyozi akamwuliza mbona basi hataki kadi naye. "Nikikosa cha kupekua," alisema, "nitabaki kuisikiliza mashine."

Fundi cherehani alicheza uchawi wake wiki kumi na moja tu. Alifariki tarehe 2 Februari 2021. "Miezi sita nilimnyima," marehemu alikuwa akisema, na kila aliyemwambia si kitu ni mchezo tu, alimwangalia hadi akanyamaza. Kiti namba nne kilipata watu wengine wawili. Nao hawapo.

Mwaka huu moyo wa marehemu ulidhoofika. Jumatatu, tarehe 3 Juni 2024, saa nne na nusu asubuhi, msimuliaji alikuwa kinyozi. Aliifikisha safari penye daraja lililokatika, akamgeukia marehemu. "Haya, Bi Jalada, unafanyaje?" Marehemu alikuwa ameinamia kurasa zake, kidole juu ya mstari. Kinyozi alingoja. Alizoea, mchawi yule hakuwahi kujibu upesi. Mashine iliendelea kuzunguka bila kulia. Zilipita dakika saba kabla hajamwita muuguzi, na hakukuwa tena na la kufanya. Daktari alisema moyo ulisimama ghafla, na kwamba hata angeitwa papo hapo asingewahi. Kinyozi hakubali. Familia inamwambia mbele yenu wote: huna deni kwetu.

Marehemu ameacha mwana mmoja, mkwe, wajukuu wawili, kaka mmoja, dada mmoja, wifi, na mpwa wake anayesoma wasifu huu. Ameacha pia kinyozi, ambaye aliomba ahesabiwe miongoni mwa wafiwa. Hayupo hapa makaburini. Leo ni Jumatano, na saa hii amefungwa kwenye mashine, kando ya viti viwili vitupu.

Bi Jalada, kazi imekwisha. Lala, mama yetu, na udongo usikulemee.