Shoka Halinyoi Ndevu

Sogeeni, wanangu, na wewe kifungua mimba acha kujiliza, maana machozi yako ni kama makali unayonoa: yanang'aa, hayakati kitu.

Sikilizeni, pumzi ni chache. Shoka la kuangushia mti lina makali membamba, lizame. La kupasulia kuni lina mashavu manene, liutanue mti mpaka uachane. Hata mbuzi angeelewa. Lakini huyu kaka yenu, bwana simu mbili, alilichukua la kupasulia akalikwangua kwa mashine ya umeme, cheche zikiruka, mpaka chuma kikaungua kikawa buluu, akaniletea akichekelea, "Mzee, sasa linanyoa ndevu!" Nani alikwambia tunauza ndevu hapa? Pigo la kwanza lilinasa kwenye gogo, la pili makali yakang'oka pengo. Na huyu wa pili alinunua shoka kwa uzuri wa rangi ya mpini. Chini ya rangi nyuzi za mti zimekwenda mshazari, mpini ukakatika siku ya tatu. Mchelea mwana kulia hulia yeye, ndiyo maana nalia mimi.

Uwanja wa kuni na mashoka yote namwachia dada yenu, kitinda mimba. Msigune! Yeye dukani aliyakataa matano, akachukua la sita lenye kutu, kwa kuwa nyuzi za mpini wake zilinyooka, kisha akalinoa kwa jiwe la kunolea na maji, taratibu, chuma kisipate moto.

Sasa dharau iliyobaki ni yangu. Miaka thelathini mmenisikia nikimwita baba yenu mdogo kiwete mzembe. Siku ile alipoumia tulikuwa tunapogoa matawi, na shoka nililompa lilikuwa nene, la kupasulia. Niliona uvivu kwenda kuchukua jembamba. Alipiga tawi kwa upande, shoka likateleza, likaingia mguuni. Damu ilikuwa bado ikitoka, nami nikasema hajui kushika shoka. Hajanijibu mpaka leo.

Binti yangu, nenda kwake kabla hamjanizika. Umwambie kosa lilikuwa langu, na usimwambie faraghani. Akikufukuza, rudi tena. Ninyi wakubwa mtambebea dada yenu kuni, mpaka mjue mnachobeba.

Mungu awape mikono yenye... la, msiniinue. Awape subira. Awalinde miguu. Binti, umesikia? Mbele ya watoto wake... wote wawepo... mbele ya watoto...