Mkono wa Mama Heriel

Hebu pata picha ya kibaraza kifupi cha saruji kando ya barabara ya Dodoma, Babati mjini, upande wa kwenda Bonga. Nyuma ya kibaraza kuna duka la mshonaji, na mlango wake wa bluu una kufuli kwa wiki kadhaa sasa. Kwenye benchi la mbao wamekaa wanaume watatu. Wa kwanza ni Cornel, muuza dawa za mifugo, ndiyo maana anaitwa Daktari. Wa pili ni Aniceti. Huyu aliwahi kutoa ushahidi kwenye kesi ya shamba, na tangu siku hiyo anaitwa Wakili. Wa tatu ni Sosthenes, baba yake Vailet, fundi baiskeli, ambaye mtaa mzima unamwita Pampu. Mikidadi, muuza kahawa, amechuchumaa karibu yao, anapulizia makaa chini ya birika. Siku zote Pampu ndiye msemaji kuliko wote, lakini asubuhi hii anazungusha kikombe kitupu mkononi na kutazama lami. Duka lile ni la Kindness, Mama Heriel, aliyeshonea sare watoto wengi wa Nangara. Alilazwa kwa homa na kutapika, akatundikiwa dripu, na dawa ikaingia kwenye nyama badala ya mshipa. Homa ilipona. Mkono wa kulia ndio haujapona.

— Nasikia vidole viwili havikunjiki tena, alisema Mikidadi.

— Vitatu, alisema Wakili.

— Umevihesabu lini?

— Nimeambiwa.

— Basi aliyekuambia wewe na aliyeniambia mimi wakutane wapatane.

Daktari alikohoa kidogo, kama afanyavyo dukani kabla ya kumpa mteja dawa ya kupe.

— Ninyi mnahangaika na vidole. Tatizo ni damu. Ya Mama Heriel ni nzito. Ukiweka maji ya dripu kwenye damu nzito, damu inayakataa, yanatafuta pa kukaa. Nililiona hilo kwa ndama mmoja kule Galapo.

— Mama Heriel si ndama, Daktari.

— Mshipa ni mshipa.

— Na huyo ndama aliishia wapi?

— Alikufa. Lakini kwa sababu nyingine.

Mikidadi alicheka mpaka akakaribia kumwaga kahawa. Wakili hakucheka. Alikuwa anangoja zamu yake.

— Hamwangalii chanzo cha jambo. Yule mama ameshika mkasi na kukaa na cherehani miaka yote. Mkono wake umezoea chuma. Sasa sindano nayo ni chuma. Ikiingia pale, chuma kinaitana na chuma, sindano inavutwa pembeni.

— Acha fiksi, Wakili.

— Si fiksi, ni sayansi. Umewahi kuona fundi wa magari katundikiwa dripu mkono wa kulia?

Walifikiri. Hakuna aliyewahi kuona, kwa hiyo hoja ikasimama.

— Mimi nasema ni dirisha, alisema Mikidadi. Kitanda chake kilikuwa dirishani. Upepo wa ziwani ukija usiku, unapita juu ya ule mpira wa dripu. Dawa inafika kwa mgonjwa imeshaganda. Kitu kilichoganda kitapitaje kwenye mshipa?

— Hapo umegusa, alisema Wakili. Ila na husuda ipo. Kuna watu hawakuridhika na nguo walizoshonewa. Mwingine suti ilimbana mbele za watu, kwenye harusi.

— Hiyo suti si ilikuwa yako?

— Ilinibana, ndiyo. Lakini mimi nilisamehe.

Walicheka wote, isipokuwa Pampu. Daktari akamsukuma kwa kiwiko.

— Pampu, vipi leo? Umepata pancha?

— Nawasikiliza tu.

Na kweli alikuwa anasikiliza. Alisikia damu, akasikia chuma, akasikia upepo na suti. Alingoja asikie mtu akitajwa, hakusikia. Maana Jumapili ile, baada ya ibada, wao wanne walikuwa wamesimama kando ya kitanda kile cha hospitali. Walipeleka uji kwenye chupa ya chai. Mkono wa Mama Heriel ulikuwa umevimba kama andazi, ngozi imenyooka mpaka inang'aa, na ile plasta iliyoshikilia sindano ilikuwa imezama katikati. Akawaambia, kwa sauti ya mtu anayeona haya kuomba, kwamba pale panauma, panaunguza. Akaomba wamwitie nesi.

Nesi alikuwa mmoja, wodi imejaa. Walimwona akipita na sinia, uso umekaza. Daktari alisema dawa ikiunguza ujue inafanya kazi. Wakili alisema ukimsumbua nesi, hasira zake atazimalizia kwa mgonjwa wageni wakishaondoka. Mikidadi aliomba dua. Naye Pampu, kwa mikono yake mwenyewe, alivuta shuka akaufunika ule mkono, kwa sababu haukuwa kitu cha kutazamwa na wageni. Akamwambia, "Vumilia, mama." Kisha wakazungumza habari za mvua mpaka muda wa kuona wagonjwa ukaisha.

Tangu siku ile, walikuwa wamezungumza mengi sana kwenye benchi hili. Shuka hakuna aliyelitaja.

Bajaji ilisimama mbele ya kibaraza. Akashuka mwanamke mwembamba, mkono wa kulia umefungwa bendeji kuanzia kiwiko hadi vidoleni, umening'inizwa shingoni kwa kipande cha kitenge. Alikuwa Mama Heriel mwenyewe.

— Shikamooni.

— Marahaba, mama. Marahaba. Karibu. Pole sana.

Wakasimama wote kwa pamoja. Alinyoosha mkono mwingine.

— Mnisamehe, nawapa wa kushoto.

Kila mmoja aliupokea kama anapokea kitu cha kuazima. Daktari akapangusa benchi kwa leso yake. Mikidadi akamimina kahawa.

— Sikai, baba zangu. Nimepita kuwaomba jambo. Kesho asubuhi hospitali wameniita. Wakubwa wao watakuwepo, na yule nesi atakuwepo.

— Ni haki yako, alisema Wakili kwa sauti ya mahakamani. Wabane hasa.

— Nesi amewaambia kwamba alipopita jioni alikuta dripu haishuki. Akaifungulia iende kasi. Shuka hakulifunua. Anasema hakuona sababu ya kulifunua, kwa kuwa mgonjwa hakulalamika.

— Huyo ni muongo, alisema Daktari.

— Si muongo, baba. Kwake sikulalamika. Jioni hiyo nilikuwa nimeshaambiwa nivumilie. Nikavumilia.

Basi la Dodoma lilipita likiinua vumbi. Walishukuru kupata kitu cha kutazama, nalo likaenda zake.

— Alipaswa kufunua, alisema Pampu.

— Alipaswa, Baba Vailet. Hilo nitalisema mwenyewe. Lakini wataniuliza kama nilisema panauma. Nikijibu ndiyo, wataniuliza nilimwambia nani.

Aliwatazama mmoja mmoja bila hasira, vile vile alivyozoea kuwatazama akiwapima mabega.

— Sasa na mimi nawauliza. Nani kati yenu atakuja kesho aseme kwamba nilisema?

Wakili aliinama akafunga upya kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka. Daktari alianza kueleza kwamba kuna ng'ombe wa mtu kule Dareda, anakaribia kuzaa, na wale ng'ombe wa kisasa huwezi kujua, halafu akaiacha ile habari njiani. Mikidadi alimimina kahawa kwenye kikombe kilichokuwa kimejaa, ikafurika mpaka kwenye vidole vyake, naye hakuondoa mkono.

Pampu alifungua mdomo. Maneno yenyewe hayakuwa mengi. Tulikuwepo. Alisema. Mimi nikafunika. La kwanza lingetoka, na la pili lingetoka. Ni lile la tatu lililogoma. Aliwaona wale wakubwa wa hospitali wakigeuka kumtazama, na yule nesi naye akigeuka, na mtaa mzima ukisikia kabla ya adhuhuri. Akafumba mdomo.

Mama Heriel alisubiri. Alisubiri kwa muda ambao mtu muungwana humpa mwenzake. Kisha akatikisa kichwa taratibu.

— Basi. Sikuja kuwagombeza. Mlikuja kuniona, mkaniletea uji. Sijasahau.

Akarudi kwenye bajaji. Pampu alimfuata, akamshikilia turubai la mlangoni, maana kwa mkono mmoja lilikuwa linamshinda. Mama Heriel alipokwisha kukaa, akamwinamia Pampu kidogo ili wale wa kwenye benchi wasisikie.

— Baba Vailet, kesho ukikosa nafasi, nitaelewa. Ila naomba ukumbuke kitu kimoja tu. Nilisema panauma.