Bega Linalong'ang'ania Mpira

Siku hiyo kijiweni walikuwa wanne: Sindano, fundi cherehani ambaye kiharusi kilimwachia mkono wa kushoto mzito kama wa kuazima, kaka yake mkubwa aliye seremala, Waya aliye fundi umeme, na Kocha, muuza kahawa ambaye hajawahi kufundisha timu yoyote wala hakuna timu asiyoilaumu. Benchi lao limeegemea ukuta wa chumba cha kazi cha Sindano. Mlango ulikuwa wazi, cherehani inaonekana, imefunikwa shuka. Kaka mtu alikuja na mkokoteni. Kwake hiyo ndiyo ilikuwa huruma: binamu yao achukue mashine, mdogo wake apumzike.

Sindano hakutaka huruma ya namna hiyo. Asubuhi alikuwa kliniki, wakambandika nyaya mikono yote miwili, wakamwambia ainyanyue mmoja mmoja, kisha wakamwonyesha picha kwenye kompyuta. Kila msuli ulikuwa nukta, na misuli inayovuta kwa pamoja imeunganishwa kwa mistari. Nukta za mkono wa kulia zilikaa vikundi vikundi, kila kundi na shughuli yake. Za kushoto zilikuwa fundo moja, toka begani mpaka vidoleni, kama uzi uliosokotana chini ya mashine.

— Maana yake nini? kaka mtu akauliza.

— Maana yake misuli haijafa. Inafanya kazi, ila yote inakimbilia kazi moja.

— Ubongo ndio bosi, mdogo wangu, na bosi keshaufukuza huo mkono.

— Basi barua sijaiona.

Waya alisema hapo hapana bosi, pana shoti. Angevuta laini kutoka mkono wa kulia, aipitishe nyuma ya shingo, na umeme ukipungua achukue wa masikioni, maana masikio ya Sindano yapo bure, hayasikii ushauri. Hata kaka mtu alicheka.

— Mwili si nyumba, Kocha akadakia. Mwili ni timu, na wachezaji wazuri wanasomana wenyewe. Shida ya huyu ni kiungo.

— Kiungo kipi, kiwiko?

— Kiungo wa kati, Waya, anayegawa mpira. Hapa bega linautaka, kiwiko kinautaka, vidole vinautaka. Wote wanaukimbilia kama watoto wa chekechea.

Akaenda mbali zaidi, akadai goti nalo limehongwa. Hapo akafika mama kijana, mtoto mgongoni, gauni la kupunguza mkononi. Kocha alimpisha kigoda chake bila kuombwa. Yule mama akasikiliza kwanza, kisha akasema kwa upole:

— Samahani, kaka zangu. Huyo bega akipewa mahali pa kukaa, asihangaike, vidole vitafanyaje?

Kocha akatikisa birika, kumbe tupu. Waya akajikuna shingo.

Sindano akanyanyua mkono. Bega likapanda, vidole vikafunga ngumi, mkono mzima ukatetemeka. Kaka yake, bila kufikiri, akautia kiganja chini ya kiwiko, kama mtu anayebeba mtoto aliyelala. Uzito ulipokwisha, ngumi ikalegea. Kidole gumba na cha shahada vikaachana taratibu. Mama akaliweka pindo la gauni katikati yake. Vidole vikalishika, vibaya, lakini vikalishika.

— Bado hujashona, kaka mtu akasema.

— Na wewe bado hujabeba. Mkokoteni urudi ulikotoka. Nikishindwa, nitashindwa nikiwa nimekaa kwenye kiti changu. Sitaki kushindwa kwa sababu mmeniondolea kiti.

Kaka hakuutoa mkono wake chini ya kiwiko.

Kesho yake alirudi na ubao alioupiga randa vizuri, akaupigilia pembeni mwa cherehani, usawa wa kiwiko cha kushoto.